Mchanga, poda, povu, hewa ukaa au maji: stoo ya dawa za magugu kando ya ziwa iwekwe nini?

Muulize mwenye duka la pembejeo pale Buzuruga au Igoma, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ana nini cha kuzimia moto, mara nyingi atakuonyesha mtungi mwekundu uliotundikwa nyuma ya mlango. Muulize ana nini siku dumu la dawa ya magugu litakapopasuka sakafuni, hapo atataja dekio na ndoo ya maji. Jibu la kwanza si baya. La pili ndilo lililonifanya niandike ulinganisho huu, kwa sababu dawa ikimwagika ni shughuli moja na ikiwaka ni shughuli nyingine, na kifaa kinachoiweza hii mara nyingi hakiiwezi ile.

Kwanza tujue tunazungumzia dawa zipi, maana si kila dawa ya magugu inawaka. Glaifoseti ya kawaida na 2,4-D ya aina ya amini huwa zimetengenezwa kwa maji, na kwenye lebo utaona herufi SL. Tatizo letu ni zile zenye herufi EC: butaklori ya wakulima wa mpunga, pendimethalini nyingi, S-metolaklori, oksifluorfeni, fluazifopu na 2,4-D ya esta. Kiuagugu chenyewe humo kimeyeyushwa kwenye kiyeyusho cha jamii ya petroli. Zailini, ambayo hutumika sana kwa kazi hiyo, huanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi kati ya 25 na 32, na mchana wa Mwanza hufika nyuzi 28 au 30 kivulini, sembuse ndani ya stoo ya bati. Dawa nyingine za EC zina viyeyusho vizito zaidi ambavyo haviwaki upesi hivyo. Tazama alama ya mwali wa moto kwenye lebo, na mwombe muuzaji wa jumla karatasi ya taarifa za usalama: sehemu ya 5 inaeleza moto, ya 6 kumwagika, na ya 9 inataja joto la kuanza kushika moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango na kufika kwa mama anayekaanga samaki upande wa pili, wakati wewe bado unatafuta dekio.

Kuna jambo la pili, nalo lina uzito wa pekee kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa. Aliyewahi kujaza bomba la mgongoni ameliona: tone la dawa ya EC likidondoka majini linasambaa na kugeuka jeupe kama maziwa, na ukikoroga kidogo hulioni tena tone. Dawa imewekewa kisambazaji makusudi ili ichanganyike na maji. Petroli ikimwagika ziwani huelea, angalau inaweza kuzungushiwa kizuizi na kuchotwa. EC ikishakuwa maziwa ndani ya maji, hakuna wa kuichota.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo manne. Inafanya nini kwa dawa iliyomwagika na bado haijawaka? Inafanya nini kwa moto? Mabaki yake yanaelekea wapi? Na je, muuzaji aliye peke yake dukani anaiweza, na inahitaji matunzo gani? Kigezo cha tatu nimekipa uzito kuliko vitabu vingi vya zimamoto, kwa sababu mitaro yetu inateremka kutoka milimani, Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji na kuingia ziwani, na maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, pakiwemo Kapripoint.

Njia zote tano zinafuata baada ya watu kuondoka. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ondoa watu angalau mita 50 kila upande, na dawa ikiwa imemwagika kwa wingi, upande unakoelekea upepo usogeze watu hadi mita 300. Gari la mizigo au tangi likiwaka moto, umbali unaoshauriwa ni mita 800. Kaa upande unakotoka upepo. Kwenye mwambao wetu mchana upepo mara nyingi hutoka ziwani kuja mjini, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo mahali palipokuwa salama saa tisa alasiri huenda pasiwe salama saa tisa usiku. Moshi wa dawa hizi si wa kuni: yenye klorini hutoa gesi ya tindikali, yenye florini hutoa mbaya zaidi, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii hata moja.

Mchanga mkavu

Kwa dawa iliyomwagika: hapa mchanga unazipita njia zote nne zilizobaki. Usianze kwa kuumwaga katikati ya dimbwi. Anza upande wa chini, ule unaoelekea mlangoni au kwenye mtaro, jenga tuta, kisha zungusha na ingia ndani taratibu hadi dawa yote inyweke. Jiko, sigara na jenereta viwe vimeshazimwa. Swichi ya taa usiiguse, iwe ni kuwasha au kuzima, kwa sababu cheche hutoka kote kuwili; kama kuna swichi kuu nje ya jengo, hiyo ndiyo ya kukatia umeme. Vaa glavu nene za nitrile na buti za mpira. Viatu vya ngozi hunywa dawa na huwezi kuviosha ikatoka.

Hapa niingize neno kuhusu pumba za mbao, kwa sababu ziko tele kwa mafundi seremala na watu wanazipenda. Zinanyonya vizuri sana, hilo sibishi. Lakini pumba zilizolowa zailini zimeshakuwa kuni zilizopakwa mafuta. Za mpunga vilevile. Kwa dawa inayowaka tumia mchanga, au udongo wa mfinyanzi uliokauka na kupondwa.

Kwa moto: mwali wa ukubwa wa beseni unaweza kufunikwa kwa sepetu, mchanga ukimiminwa kutoka pembeni. Ukirushwa kwa nguvu hurusha dawa inayowaka. Moto ukizidi ukubwa huo, mchanga hautoshi.

Mabaki: unayaona yote, yako mahali pamoja. Yazoe kwa koleo la plastiki, yatie kwenye pipa lenye mfuniko, uandike jina la dawa juu yake. Mchanga huo sasa ni sumu na bado unaweza kuwaka, hautupwi mwaloni wala kwa fundi ujenzi anayeomba wa kuchanganyia zege. Wasiliana na aliyekuuzia dawa, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu au NEMC, wasimamizi wa mazingira, wakuelekeze pa kuupeleka.

Matunzo: bei yake karibu bure, ila una masharti yanayosahaulika. Mchanga uliochotwa ufukweni ni mbichi na haunywi kitu. Uanikwe hadi ukauke kabisa, uchekechwe, uhifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Bila mfuniko, mvua za masika zitaurudishia unyevu, na kabla ya hapo paka wa jirani watakuwa wameshaugeuza choo.

Unamfaa: kila anayehifadhi au kusafirisha dawa, bila kujali ana mtungi gani mwingine.

Mtungi wa poda kavu

Kwa dawa iliyomwagika: hausaidii. Ukiupuliza juu ya dimbwi ambalo halijawaka umeupoteza, na dimbwi bado lipo.

Kwa moto: kwa dakika ya kwanza hakuna unaoufikia kwa kasi. Tafuta herufi B kwenye lebo ya mtungi, ndiyo ya vimiminika vinavyowaka. Simama upande unakotoka upepo, mlango wa kutokea ukiwa mgongoni kwako, lenga chini ya mwali na upepete kushoto na kulia ukisogea mbele. Mtungi wa kilo 6 huisha kwa sekunde chache, mara nyingi hata nusu dakika haifiki. Udhaifu wake ni kwamba poda haipozi. Mwali utazimika, lakini bati au kopo la chuma likiwa bado la moto, mvuke hushika tena, na mkononi umebaki na mtungi mtupu. Kwa hiyo mwali ukizimika usigeuke kuondoka: rudi nyuma ukitazama, mwenzako akifunika dimbwi kwa mchanga.

Mabaki: unga kila mahali, hadi ndani ya mifuko ya mbegu. Poda nyingi za A, B na C zina fosfati ya amonia, yaani ni ndugu wa mbolea, na ziwa letu lenye magugu maji halihitaji mbolea zaidi. Kwa mtungi mmoja si janga. Fagia na uzoe pamoja na mchanga, usimwagie maji.

Matunzo: sindano ya geji ikae kwenye kijani, pini na mpira viwe vizima, na fundi aukague kila mwaka. Mtungi unaokaa kwenye kanta au boti unatikiswa muda wote, na poda hushikamana chini kama saruji. Ugeuze juu chini mara kwa mara usikie kama unga unacheza.

Unamfaa: duka, gari na boti. Muuzaji mmoja anauweza akishafundishwa.

Povu

Kwa dawa iliyomwagika: povu lina sifa ambayo nyingine hazina. Hulifunika dimbwi lote kama shuka na kuzuia mvuke kabla haujakutana na cheche. Ghala linapopoteza pipa zima la lita 200, mchanga wa ndoo mbili ni mzaha, na hapo povu linaokoa jengo.

Kwa moto: dimbwi kubwa linalowaka, povu hulizima na kulizuia lisishike tena, kazi ambayo poda haiiwezi. Ila si kila povu. Baadhi ya dawa zina viyeyusho vinavyochanganyika na maji, na hivyo huvunjavunja povu la kawaida. Uliza povu linalostahimili alkoholi. Povu lina maji, basi lisielekezwe kwenye vifaa vyenye umeme.

Mabaki: hapa ndipo linapopoteza alama. Povu likitulia linakuwa maji, maji yakikutana na EC yanakuwa yale maziwa niliyoyaeleza, na maziwa hutafuta mteremko. Mapovu ya zamani yana pia kemikali za florini zisizooza. Bila kizingiti cha zege mlangoni, unayahamishia matatizo yako Mirongo.

Matunzo: ghali kuliko poda, na dawa yake ina muda wa kuisha. Kulimwaga kunataka mazoezi. Ukilielekeza katikati ya dimbwi unalirusha, inatakiwa ligonge ukuta liteleze lenyewe.

Linamfaa: ghala lenye kizingiti na wafanyakazi waliofundishwa. Kwa duka la futi kumi, sioni sababu.

Hewa ukaa

Kwa dawa iliyomwagika haifanyi lolote. Kwa moto, huzima mwali mdogo ndani ya chumba bila kuacha mabaki, kwa hiyo ni rafiki wa kompyuta, friji na paneli ya umeme. Nje, ukipata upepo wa ziwani, gesi yote inaondoka kabla haijafika kwenye moto. Ndani ya stoo isiyo na dirisha, inamkosesha pumzi mzimaji kabla ya moto. Haina geji, hupimwa kwa uzito, na pembe yake hupata baridi ya kuunguza ngozi. Inamfaa mwenye ofisi au paneli ya umeme ndani ya ghala, ikiwa mtungi wa pili. Kuwa mtungi pekee wa duka la dawa za EC, hapana.

Maji

Maji ndiyo yanayotukaa mkononi upesi, ziwa liko pale, ndiyo maana nayaeleza kwa kirefu.

Kwa dawa iliyomwagika: usioshe. Kuosha sakafu yenye EC ni kuisambaza, kuichanganya na kuisukuma mtaroni kwa mpigo mmoja. Wengi huosha kwa nia njema, ili harufu iondoke. Harufu inaondoka kweli, pamoja na dawa, kuelekea wanakoanikia dagaa.

Kwa moto: ndoo au mpira wa bustani unaopiga mkondo mnyoofu hurusha dimbwi linalowaka na kulipeleka chini ya rafu nyingine. Maji ya manyunyu ni habari tofauti. Zimamoto hutumia manyunyu kupoza madumu na mapipa ambayo bado hayajashika, ili yasilipuke, na kwa kazi hiyo hakuna mbadala. Manyunyu yanataka mpira wa kufaa, shinikizo la kutosha na watu wenye mavazi na mitungi ya hewa. Si kazi ya muuzaji wa duka.

Mabaki: Novemba 1, 1986, ghala la kemikali za kilimo la kampuni ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Moto ulizimwa kwa maji mengi, na maji hayo yakaubeba mzigo wa sumu hadi Mto Rhine. Mto ukawa mwekundu kwa rangi iliyokuwamo ghalani, samaki wakafa kwa wingi, mikunga hasa, mbali sana chini ya mto. Kilichoua mto kilikuwa yale maji ya kuzimia. Tangu hapo, kujenga mahali pa kunasa maji ya zimamoto kulichukuliwa kwa uzito mkubwa Ulaya. Rhine ni mto, maji yake yaliendelea kwenda baharini. Ghuba ya Mwanza haina haraka hiyo.

Ndiyo maana kikosi cha zimamoto wakati mwingine huamua kuacha ghala liungue huku wakipoza na kulinda majengo ya jirani. Mwenye mali akiona anaweza kudhani wamezembea. Uamuzi huo si wake wala wangu, lakini unakuwa rahisi kwao kama umewapa mlangoni orodha ya dawa zilizomo na kiasi chake.

Matunzo: hayana gharama hadi yanapotoka nje ya jengo lako.

Yanamfaa: kikosi cha zimamoto, na mwili wa binadamu. Kwa aliyerukiwa na dawa, maji hayana mpinzani: vua nguo zote zilizolowa, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 hadi 20, macho kwa maji safi yanayotiririka, kisha hospitali pamoja na lebo ya dawa. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kiyeyusho kikipitia mapafuni kinadhuru zaidi, na maziwa ya ng'ombe si tiba yake.

Kwa hali yako

Duka dogo la pembejeo mjini, lenye chupa za lita moja na madumu machache: mchanga ndoo mbili na poda ya kilo 6 vinatosha, na ukingo wa saruji mlangoni wa kimo cha matofali mawili una faida kuliko mtungi wa tatu. Weka dumu tupu lenye mdomo mpana, ili linalovuja liingizwe zima humo badala ya kuhangaika kuziba tundu kwa sabuni.

Ghala la jumla lenye mapipa: hapo povu linastahili gharama yake, lakini baada ya kizingiti. Kanuni inayotumika sana ni kwamba eneo la kunasia lichukue asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote. Kama huwezi vyote mwaka huu, jenga kizingiti kwanza, ununue povu mwakani. Poda iwepo milango yote, hewa ukaa kwenye paneli.

Kanta inayopeleka dawa Sengerema au Geita: poda iliyofungwa mahali dereva anapoifikia akiwa nje ya gari, mchanga kwenye mifuko, sepetu na glavu. Gari likipinduka, kazi kubwa ya dereva na utingo ni kuzuia watu. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Waliofariki walizidi 100. Dawa ya magugu haina wa kuichota kwa ajili ya pikipiki, lakini madumu yana wateja. Darajani Kigongo–Busisi au kwenye kivuko cha Kamanga, tuta la mchanga liwekwe upande wa maji kabla ya jambo jingine.

Boti ya kwenda Ukerewe au Ukara: madumu ya dawa yasikae jirani na tangi la petroli la mashine, wala juu ya unga na dagaa. Yakae ndani ya beseni kubwa la plastiki lililofungwa kwa kamba, maana hapo beseni ndilo kizingiti chako. Poda ndogo iwe upande wa nahodha na si mashineni, kwa sababu moto ukianzia mashineni hataufikia. Dawa ikivuja ndani ya boti, usiichote kuimwaga ziwani. Mimina mchanga, funga, fika nchi kavu.

Mkulima wa Magu au Misungwi mwenye chupa moja ya EC nyumbani: hahitaji mtungi kwa ajili ya chupa hiyo. Anahitaji kisanduku chenye kufuli nje ya nyumba wanamolala watu, mbali na jiko na juani, chenye mchanga mkavu chini kimo cha vidole vinne. Chupa ikipasuka humo, mchanga umeshaipokea.